Jjajja Kyuma Aposa Dada Yake

Sehemu ya 9

Nyinyi mmelala, mmekula, mmekwenda kazini na mmerudi. Gaitano Kizza amekaa siku saba nzima juu ya mkeka mmoja kule Butenga. Kanzu ya kuazima inambana kwapani, nyuki amemuuma shingoni, na mzee mwenye bakora amesimama mbele yake akimnyooshea kidole. Hakuna msomaji hata mmoja aliyeniandikia kuuliza kama ana kiu.

Mlioandika mlitaka kujua jambo moja tu: kwani bwana harusi hakuweza kunyamaza?

Hilo ndilo swali, ndugu zangu. Siku ya kwanjula, siku kijana anapopelekwa kwa wakwe kutambulishwa, bwana harusi hana kazi ya kusema. Ana msemaji wake. Kazi yake ni kukaa, kutazama chini, na kuonekana kama mtu ambaye hajawahi kulewa. Gaitano aliiweza kazi hiyo kwa saa mbili na nusu. Kisha nyuki akamuuma, akapiga kelele, na kwa bahati mbaya akapiga kelele kwa sauti ya kazini.

Miaka sita ya kuigiza babu ina madhara yake. Maumivu yakija, babu ndiye anayetoka kwanza.

"Yuuu! Nimekufa, wajukuu! Leteni sanda, na iwe mpya!"

Hiyo, bila kupunguza neno, ndiyo sauti ya Jjajja Kyuma, yaani Babu Chuma, mzee mwenye meno matatu na wake wanne, ambaye Buganda nzima humsikiliza redioni kila Jumapili. Watu mia mbili waliokuwa chini ya mahema walicheka mpaka vitambaa vya meza vikaanguka. Mmoja hakucheka. Mzee Erifazi, mtunza kitabu cha ukoo wa Senene pale Butenga, alisimama, akanyoosha bakora, akasema yale maneno yaliyowakosesha usingizi:

"Simamisheni sherehe. Huyo bwana harusi ni mtoto wetu."

Baba wa bibi harusi, Ssalongo Bulasio, alikuwa anatazama upande wa jikoni. Aligeuka polepole.

"Mtoto wetu kivipi, Mzee?"

"Wa ukoo. Senene. Anatangaza mwenyewe kila Jumapili, au nyinyi redio zenu ni za kuwekea maua?"

Ni kweli, alikuwa akitangaza. Kila kipindi kilianza hivyo hivyo: Mimi Jjajja Kyuma, wa ukoo wa Senene, naruka lakini situi! Gaitano aliuchagua ukoo huo kwa sababu moja tu: senene ni panzi, na jina hilo lilikaa vizuri mdomoni na neno "naruka". Angekuwa wa ukoo wa Kunde, kama alivyozaliwa, angesema nini? Naota lakini sivunwi?

Tatizo ni kwamba nyumba ya Ssalongo Bulasio ni nyumba ya Senene. Imelda Babirye, bibi harusi, ni Senene kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu alivyonunua Masaka. Na kwetu ukoo hauli kile kilichoupa jina, wala watu wa ukoo mmoja hawaoani, hata kama mmoja amezaliwa hapa na mwenziwe amezaliwa ng'ambo. Ni kaka na dada. Basi.

Kwa hiyo kama Mzee Erifazi alisema kweli, Gaitano alikuwa amekuja na ng'ombe, masanduku ya soda na vikapu arobaini kumposa dada yake.

Msemaji wa Gaitano aliruka juu. Huyu Lawurensio ni mwenzake wa jukwaani, na kwa miaka tisa amecheza polisi katika kila mchezo wa kundi lao. Akiwa na raha ni mtu wa kawaida. Akishikwa na hofu, sare inamrudia.

"Raia, tulieni! Kila mtu abaki alipo! Mzee, una kitambulisho?"

"Ninacho kitabu," alisema Mzee Erifazi.

Akafungua mkoba wake, akakitoa. Mzee Erifazi haendi hata msalani bila kile kitabu.

"Miaka mitatu iliyopita, siku ya ukoo, huyu alikuja hapa. Nilimuuliza nasaba yake mbele ya watu. Akaitaja. Nikaandika." Akalowesha kidole, akafunua ukurasa. "Sikilizeni. Kyuma, mwana wa Bati, mjukuu wa Msumari."

Gaitano akafumba macho. Aliikumbuka siku hiyo. Alikuwa amealikwa kuchekesha nusu saa. Mzee mmoja mwenye miwani akamuuliza ukoo na nasaba, naye, kama mchekeshaji yeyote aliyeko kazini, hakutoka nje ya mhusika wake. Alijibu kama Jjajja Kyuma. Watu walivunjika mbavu. Hakujua kuwa mwenye miwani alikuwa na kalamu.

"Mzee wangu," alisema Shangazi Federesi, dada yake Ssalongo, mwanamke ambaye sauti yake haijawahi kuhitaji kipaza sauti. "Msumari ni jina la mtu?"

"Petero ni jina la mtu?"

"Ndiyo."

"Maana yake jiwe. Na kanisa limemjengea nyumba kubwa. Usinichezee, Federesi."

Sasa Gaitano akasema kwa sauti yake mwenyewe. Wageni wengi walisikitika kuisikia. Ni sauti nyembamba, ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

"Mzee, naomba radhi. Ule ulikuwa mchezo. Mimi si Senene. Mimi ni wa ukoo wa Kunde."

"Hakuna mtu anayecheza na babu yake."

"Lakini Msumari sikumjua, Mzee. Nilimtunga."

"Wangapi hapa wanawajua babu zao wote? Ndiyo maana tunaandika." Mzee Erifazi akamgeukia mwanamume aliyekaa karibu na Gaitano, mwenye koti jeusi na mvi za kupaka. "Wewe si ndiye baba yake mdogo? Mtoto huyu ni wa ukoo gani?"

Hapa niwaambie siri ambayo wakwe hawakuijua. Baba mdogo huyo anaitwa Expedito, ana miaka thelathini na nne, na kwenye kundi huigiza maiti. Msafara mzima wa Gaitano ulikuwa ni kundi lake la vichekesho likiwa limevaa kanzu. Hawa ndio ndugu zake wa miaka yote. Wamezunguka pamoja Mubende, Hoima mpaka Kasese, wamelala juu ya mapazia, na huko Kyenjojo wamewahi kucheza mbele ya watu kumi na mmoja, tisa kati yao wakiwa wamekuja kusubiri chanjo.

Expedito akamtazama Lawurensio apate maneno. Lawurensio akajitia kutazama ng'ombe. Expedito, kwa uzoefu wake mkubwa, akafumba macho na kuacha kupumua.

"Amepatwa na nini?" aliuliza Ssalongo.

"Ana huzuni," alisema Lawurensio. "Ukoo unamgusa sana."

Mzee Erifazi akagonga bakora chini mara mbili.

"Sikilizeni. Aliyeandikwa kwa mdomo hufutwa kwa mdomo, na mdomo wenyewe ni wa baba mzazi. Baba yake aseme huyu ni wa Kunde, nami nitakata jina. Na aseme kabla chakula hakijapakuliwa. Kijana huyu akila hapa leo jina lake likiwa humu, amekula kama mtoto wa nyumbani. Tutampa kitanda. Mke hatutampa."

"Mzee, matoke yanapoa," alisema Ssalongo.

"Yapoe."

Dirishani, nyuma ya pazia, Imelda alikuwa akisikia yote. Alikuwa ameshabadilisha nguo mara tatu na alikuwa kwenye gomesi ya nne, ya kijani, ambayo mkanda wake peke yake uliwachosha wanawake wawili. Alitoa kichwa nje.

"Kaka!" aliita.

Gaitano akainua uso.

"Si ndivyo nikuite kuanzia leo? Kaka, hujambo?"

"Imelda, usinifanyie hivyo."

"Nilikuambia uwe wa ukoo wa Simba redioni. Ukasema simba hachekeshi. Haya, cheka."

Pazia likarudi.

"Baba yako yuko wapi?" aliuliza Mzee Erifazi.

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Yokana Muwanga, fundi baiskeli wa Mityana, hakuwa amesema na mwanawe kwa miaka sita. Alisikia kipindi cha kwanza cha Jjajja Kyuma akiwa anaziba pancha. Aliposikia neno "Senene" alizima redio, akatoa betri, akaziweka kwenye saa ya ukutani. Kisha akampigia mwanawe simu, akasema sentensi moja: "Umeuacha ukoo wako kwa ajili ya kicheko." Gaitano amepiga simu mara nyingi tangu hapo. Saa ile ya ukutani inafanya kazi vizuri sana, lakini simu haijapokelewa.

"Yuko Mityana," alisema Gaitano. "Miguu inamsumbua."

"Masikio yanamsumbua?"

"Hapana, Mzee."

"Basi apigiwe simu. Wekeni sauti kubwa, wote tusikie."

Gaitano akamtazama Lawurensio. Lawurensio akamtazama Gaitano. Miaka tisa jukwaani inafundisha watu kuongea kwa nyusi.

"Wazee wangu," alisema Gaitano akishika tumbo, "naomba ruhusa. Hofu imeniharibu tumbo."

"Nenda," alisema Ssalongo, ambaye tumbo lake mwenyewe lilikuwa na mambo ya kusema. "Bafu na choo viko nyuma ya jiko."

Gaitano akaondoka taratibu, heshima mbele. Alipopita jiko alikunja kanzu na kukimbia. Akajifungia kwenye bafu la mabati, akatoa mfukoni simu yake ya pili, ile ya kupokea kazi, akasubiri.

Nawakumbusha mnaoanza kusoma leo: kabla ya redio, Gaitano alitafsiri filamu katika banda la video la Bwaise, moja kwa moja, kipaza sauti mkononi. Filamu ikija na lugha yake, yeye anaitia Kiganda palepale. Alisema maneno ya shujaa, ya adui, ya mama wa shujaa, na siku zilizokuwa na vita alisema na ya farasi. Sauti ya baba yake mzazi haikumtisha. Kilichomtisha ni maneno.

Simu ikaita.

"Halo," alisema bafuni, kwa sauti nzito, kavu, yenye mkwaruzo mwishoni kama tairi juu ya changarawe.

Chini ya mahema, Lawurensio alikuwa amepiga namba hiyo ya kazi badala ya ile ya Mityana, na kuinua simu juu. Fundi wa muziki, kijana mwenye bidii isiyoombwa, alisogeza kipaza sauti karibu. Halo ile ikatoka kwenye spika nne kubwa, ikaenda mpaka barabarani.

"Ni nani mwenzangu?" aliuliza Mzee Erifazi.

"Yokana Muwanga. Fundi baiskeli."

"Mbona unasikika kama uko ndani ya debe?"

"Niko ndani ya tanki la maji. Linavuja."

"Fundi baiskeli anatengeneza tanki?"

"Pancha ni pancha, ssebo."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Lilikuwa jibu la fundi kweli.

"Una mtoto anaitwa Gaitano Kizza?"

"Ninaye."

Wakati huohuo mlango wa bafu uligongwa. Alikuwa ni Shangazi Federesi, amekuja kunawa mikono.

"Nani humo?"

Gaitano hakufikiri. Miaka ya Bwaise ilifikiri kwa niaba yake. Akajibu kwa sauti laini ya mama wa shujaa:

"Niko mimi, nnyabo!"

Sauti ya mama wa shujaa ikatoka kwenye spika nne, safi kabisa.

Mzee Erifazi akaisogelea simu. "Yokana, nani huyo mwanamke?"

"Mke wangu."

"Tuliambiwa leo asubuhi kuwa Nnaalongo, mama wa kijana, ni marehemu."

Ndani ya tanki kulisikika kikohozi.

"Jirani," ilisema sauti ya Yokana. "Ni jirani."

"Jirani anafanya nini ndani ya tanki lako?"

"Anashika taa."

Chini ya mahema watu walianza kutazamana. Mama mmoja alimnong'oneza mwenziwe kuwa wanaume wa Mityana wote ndivyo walivyo. Kule bafuni, Shangazi Federesi alikuwa ametega sikio kwenye bati. Ndani alisikia mwanamume, akasikia mwanamke, kisha mwanamume tena. Alijishika kiuno. Alivuta ndoo, akaipindua, akakaa juu yake mbele ya mlango kama askari wa benki.

"Haya, tuache mambo ya matanki," alisema Mzee Erifazi. "Mtoto wako anaoa leo. Kwa nini hukuja?"

Na hapo, wasomaji wangu, mchekeshaji alikosa kichekesho.

Angeweza kusema miguu. Angeweza kusema mvua. Lakini ukiivaa sauti ya mtu muda mrefu, inaanza kwenda inakotaka yenyewe.

"Sikuja," ilisema sauti, "kwa sababu mtoto alitangaza mbele ya nchi nzima kuwa yeye ni mjukuu wa mtu mwingine. Nilikuwa naziba pancha. Nilizima redio. Nilitoa betri."

Hata wapishi walitoka jikoni na miko yao.

"Mama yake alipokufa alikuja mazishini. Alisimama upande wa pili wa kaburi. Watoto wa kijiji walimwona, wakaanza kupiga kelele, Jjajja Kyuma! Jjajja Kyuma! Kwenye kaburi la mama yake. Hakufanya vile vichekesho vyake. Lakini aliwapungia mkono. Nilimwona. Alipunga mkono kidogo, hivi."

Lawurensio alikuwa pale siku ile. Alishusha simu kidogo, akaiinua tena.

"Na tangu siku hiyo?" aliuliza Mzee Erifazi, safari hii taratibu.

"Tangu siku hiyo ananipigia simu kila Jumapili baada ya kipindi. Naiacha inaita mpaka inachoka."

"Yokana. Nakuuliza kama mzazi kwa mzazi. Unamtaka mtoto wako, au humtaka?"

Bafuni, Gaitano aliegemea bati. Katika maisha yake alikuwa amemsemea mfalme, jambazi, padri, nesi, na ng'ombe anayezaa. Hajawahi kumsemea baba yake neno hilo. Akasogeza simu mdomoni.

"Namtaka," ilisema sauti. "Ni wangu. Ni wa Kunde. Namtaka."

Vigelegele vililipuka mpaka kuku wakapanda juu ya lori la zawadi. Ssalongo Bulasio alisimama na kuelekea jikoni bila aibu yoyote. Mzee Erifazi alifungua kofia ya kalamu, akaketi, akafunua ukurasa.

"Ngoja, Mzee!"

Sauti ilitoka upande wa barabarani. Ilikuwa ya mzee mmoja mwembamba, mwenye koti la zamani lililopigwa pasi vizuri na mikono myeusi ya grisi ambayo sabuni imeshakata tamaa nayo. Alikuwa anakokota baiskeli.

"Nimesikia jina langu toka kule kwenye kona," alisema. "Mimi ndiye Yokana Muwanga wa Mityana. Sasa naomba mniambie, huyo aliyeko kwenye simu ni nani?"

Lawurensio aliitazama simu mkononi kana kwamba imemng'ata. Kisha, kutoka kwenye spika zote nne, ilisikika sauti nyembamba ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani:

"Baba?"

Watu mia mbili waligeuka kutazama bafu.

Mlango ulifunguka. Gaitano alitoka, kanzu imelowa upande mmoja. Shangazi Federesi aliinuka kutoka kwenye ndoo, akachungulia ndani, akatazama kona zote nne.

"Na yule mwanamke?"

"Ni mimi, Shangazi."

"Banange! Na mimi nilikuwa nimeshaanza kumwonea huruma Imelda."

Yokana Muwanga aliegemeza baiskeli kwenye nguzo ya hema. Hakumtazama mwanawe. Alimtazama Mzee Erifazi, akavua kofia.

"Sikualikwa na huyu. Nilialikwa na binti. Alikuja kwangu mara tatu. Mara ya kwanza nilimfukuza. Mara ya pili alikuja na baiskeli yenye pancha, nikaiziba. Mara ya tatu pancha ilikuwa palepale, na nikaona pini kwenye mkoba wake." Akakohoa. "Mtu anayetoboa tairi lake mwenyewe ili aongee na mkwe, huyo hukatai mwaliko wake."

Pazia la dirishani lilitikisika.

"Kabla ya yote," aliendelea Yokana, "naomba kujua. Huyo jirani niliye naye ndani ya tanki ni nani? Maana nitarudi Mityana, na habari itakuwa imefika kabla yangu."

Mahema yalicheka. Mzee Erifazi hakucheka, lakini alisubiri wamalize, na kwake hiyo ni hatua kubwa.

"Yokana, karibu. Mtoto wako amenidanganya mara mbili sasa, mara moja kwa sauti ya babu, mara moja kwa sauti ya baba. Sijui nimwamini yupi. Wewe ndiye mwenye mdomo. Sema."

"Nitasema. Lakini kwanza nataka kumsikia." Akamgeukia Gaitano, mara ya kwanza kwa miaka sita. "Sema lile la mwisho. Kama ulivyosema kwenye simu."

"Baba, naomba unisamehe..."

"Sikukuuliza hilo. Sema lile."

Kumwigiza mtu nyuma ya bati ni kazi. Kumwigiza mbele ya macho yake ni jambo lingine. Gaitano alifumba macho.

"Namtaka. Ni wangu. Namtaka."

Yokana alisikiliza mpaka ule mkwaruzo wa mwisho ukaisha. Kisha akatikisa kichwa.

"Hiyo si sauti yangu."

Mahema yaliguna. Lawurensio alianza kupiga hesabu ya njia ya kutorokea. Imelda alitoka mlangoni na gomesi yake ya kijani bila kusubiri kuitwa na shangazi yake, jambo ambalo halijawahi kutokea Butenga.

"Si yangu," alisema Yokana tena. "Mimi sauti yangu mnaisikia, haina uzito huo. Hiyo ni ya baba yangu. Alikufa mwaka mmoja kabla huyu hajazaliwa. Hakuacha kanda, hakuacha hata picha. Lakini ule mkwaruzo ni wake. Mimi siuwezi. Ndugu zangu hawauwezi. Huyu ameutoa wapi?"

Gaitano mwenyewe alidhani amekuwa akimwigiza baba yake.

"Basi damu imejisemea yenyewe," alisema Mzee Erifazi, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ililainika. "Ndivyo tunavyomjua mtoto wa mtu. Huyu ni mjukuu wa babu yake, na babu yake si Msumari. Nakata."

"Kata, Mzee, watu wale!" alisema Ssalongo Bulasio kutoka jikoni.

Vigelegele vikaanza upya. Imelda alipiga magoti mbele ya Yokana kumsalimia. Gaitano alikaa chini palepale. Mzee Erifazi akaweka ncha ya kalamu juu ya jina la Kyuma.

Mkono mweusi wa grisi ukafunika ukurasa.

"Usikate kwanza," alisema Yokana.

"Baba?"

"Miaka sita wewe ulifikiri nimekukasirikia. Sikukasirika. Niliogopa." Hakuuondoa mkono. "Kila Novemba, senene wakija, nyumba nzima tulikuwa tunakaanga. Baba yangu alitoka nje akakaa peke yake mpaka harufu iishe. Hajawahi kuonja hata mmoja. Alituambia wanamuumiza tumbo, nasi tulikuwa watoto, tukafurahi kugawana fungu lake. Hakututajia baba yake wala ndugu zake. Alifika Mityana kijana, peke yake, akapokelewa na watu wa Kunde, akawa wa Kunde."

Mzee Erifazi akafunika kalamu taratibu. Hakuna mtu wa Butenga aliyehitaji kuelezwa ni nani duniani asiyemla senene.

"Yokana," aliuliza, "baba yako alitokea wapi?"

Yokana alimtazama Imelda aliyekuwa bado amepiga magoti miguuni pake. Kisha akamtazama mwanawe.

"Hapa," alisema. "Butenga."